Jinsi ya Kufuatilia Mizizi ya Kiafrika katika Lugha za Ughaibuni: Mwongozo kwa Msemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili anayesikiliza kwa makini lugha za wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Atlantiki hachelewi kusikia sauti anazozifahamu. Mbrazili humwita kitinda mimba wake "caçula", na unga wa mahindi huuita "fubá". Katika kijiji cha San Basilio de Palenque, karibu na jiji la Cartagena nchini Kolombia, mtoto ni "moná" na ng'ombe ni "ngombe". Nchini Kuba, wafuasi wa dini ya Palo Monte huliweka neno "nganga" katikati ya ibada yao. Anayeyasikia maneno haya kwa mara ya kwanza huhisi amekutana na ndugu aliyepotea, na hisia hiyo ina msingi, kwa kuwa maneno hayo yametoka katika Kimbundu cha Angola na Kikongo cha pande za Kongo na Angola, lugha za Kibantu zenye nasaba moja na Kiswahili. Tatizo ni kwamba undugu huo huo huwapotosha watu wengi wenye nia njema: hulinganisha neno la ng'ambo na la Kiswahili, huona yanafanana, kisha hutangaza kwamba Kiswahili kilifika Bahia nchini Brazili au Havana nchini Kuba. Kwa maneno ya namna hii Kiswahili ni binamu, si mzazi, na anayetaka kumjua mzazi hana budi kufanya kazi ya ziada.

Kazi hiyo inastahili kufanywa vizuri kwa sababu ya historia yake. Kwa miongo mingi wasomi wa Ulaya na Marekani waliandika kwamba lugha za Weusi wa Amerika ni Kiingereza, Kifaransa au Kireno kilichoharibiwa na watu wasioweza kujifunza ipasavyo. Dai hilo lilivunjwa kwa ushahidi, na kila mfano dhaifu tunaousambaza leo humpa nguvu anayetaka kulifufua. Hatua zinazofuata zinamfaa mwalimu, mwanafunzi au mpenzi yeyote wa lugha mwenye daftari, intaneti na subira.

Anza na jamii moja

Usiulize ni maneno gani ya Kiafrika yaliyopo "ughaibuni". Uliza ni maneno gani yaliyopo katika Kigullah cha visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia, au katika Kireno cha Bahia, au katika Kijamaika, kwa sababu kila jamii ilikusanywa kutoka bandari tofauti, katika miaka tofauti, chini ya mkoloni tofauti. Kijamaika kina alama nyingi za Kiakan cha Ghana na Kiigbo cha Nigeria. Kreyòl ya Haiti ina uhusiano wa karibu na Kifon cha Benin. Palenque iliupata urithi wake wa Kiafrika hasa kutoka Kikongo. Anayezichanganya jamii hizi atapata orodha ndefu isiyothibitisha kitu.

Andika neno linavyotamkwa

Tahajia za Ulaya huficha sura ya neno la Kibantu, na kuziondoa ni kazi nyepesi kwa msomaji wa Kiswahili akishazijua kanuni chache. Katika Kireno, "qu" mbele ya "i" au "e" husomwa "k", "ç" husomwa "s", "x" mara nyingi husomwa "sh", na "nh" ni "ny" yetu. Kwa hiyo "quilombo", jina la makazi ya watumwa waliotoroka, ni "kilombo". "Moleque", yaani mvulana, ni "moleke", na Kimbundu chake ni "muleke". Na "xingar", yaani kutukana, ina mzizi "-shinga" ukiondoa kiishio cha kitenzi cha Kireno. Ukishayaandika maneno kwa namna hii utaona pia viambishi vilivyoganda ndani yake. Nyigu huitwa "marimbondo" nchini Brazili, na "ma-" ya mwanzo ni kiambishi cha wingi cha Kimbundu, ingawa Mbrazili halisikii tena kama wingi, hata huongeza "s" mwishoni akitaja nyigu wengi.

Ikiwezekana, sikiliza rekodi badala ya kutegemea maandishi. Toni na urefu wa irabu hupotea kwenye karatasi, na mara nyingi hizo ndizo zinazoamua kati ya asili mbili zinazoshindana.

Ipekue kwanza lugha ya mkoloni

Hatua hii huwauma wengi, lakini haikwepeki. Kabla ya kusema neno limetoka Afrika, hakikisha halikutoka Ulaya, na hapo usiangalie lugha rasmi ya leo tu. Angalia pia lahaja za mabaharia na wakulima wa karne ya 17 na ya 18.

Mfano ulio karibu na sikio letu ni "moun" ya Haiti, yenye maana ya mtu. Msemaji wa Kiswahili huliona na mara moja hufikiria "mtu", na anayejua Kikongo hufikiria "muntu". Sauti zinakaribiana na maana ni ile ile. Hata hivyo neno hili ni la Kifaransa, "monde", linaloonekana wazi Mhaiti anaposema "tout moun", watu wote, sawasawa na "tout le monde" ya Kifaransa. Ushahidi wa pili upo Morisi, ambako mtu huitwa "dimounn", kutokana na "du monde", na hapo kipande cha Kifaransa cha mwanzo kimebaki kikiwa kimeungana na neno. Neno "pickney" la Jamaika, yaani mtoto, lina ndugu yake "pikin" katika Afrika ya Magharibi, na kwa hiyo wengi huliona la Kiafrika. Asili yake ni Kireno, "pequenino", lililosambazwa na biashara ya pwani kwenye pande zote mbili za bahari.

Fuata meli

Neno haliwezi kuvuka bahari bila mtu wa kulisema. Kwa hiyo ukishapata lugha ya Kiafrika unayoishuku, uliza kama wasemaji wake walifika mahali pale, kwa wingi gani, na lini. Chombo kikuu cha kujibu swali hilo ni hifadhidata ya Slave Voyages, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni bila malipo. Ina kumbukumbu za zaidi ya safari 36,000 za meli za watumwa, na watafiti wake wanakadiria kwamba watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa Afrika, na takriban milioni 10.7 ndio waliofika wakiwa hai. Chagua bandari ya kushushia, kwa mfano Charleston au Salvador, weka miaka unayoitafiti, kisha tazama safari hizo zilianzia pwani gani.

Takwimu hizo zitakueleza mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Kwanza, karibu nusu ya watu wote waliopakiwa walitoka pwani ya Kongo na Angola, na hiyo ndiyo sababu ya Ubantu tunaousikia Brazili, Kuba na Kolombia. Pili, kutoka Afrika ya Kusini Mashariki, hasa bandari za Msumbiji, walipakiwa takriban nusu milioni, wengi wao katika karne ya 19 na wengi wao kuelekea Brazili. Kwa hiyo mchango wa upande wetu katika Atlantiki upo, lakini ni mdogo na wa baadaye, na lugha iliyosafiri nao zaidi ni ya Wamakua na majirani zao kuliko Kiswahili.

Usitegemee meli peke yake. Kumbukumbu ya bandari haisemi lugha ya mtu, kwa kuwa wengi walitembezwa mamia ya kilomita kutoka bara hadi pwani. Tafuta maandishi ya zama hizo yanayotaja lugha. Kwa Brazili tunao ushahidi wa thamani kubwa: Pedro Dias, padri Mjesuiti aliyeishi Salvador, alitunga sarufi ya Kimbundu iliyochapishwa Lisbon mwaka 1697, ili wenzake waweze kuzungumza na Waafrika waliokuwa Brazili. Hakuna anayetunga sarufi kwa ajili ya lugha isiyosemwa. Ukiwa na kitabu hicho mkononi, "caçula" na "moleque" huacha kuwa mifanano ya kubahatisha.

Litafute neno katika lugha yake

Sasa ndipo kamusi za Kiafrika zinapohitajika. Tumia kamusi ya lugha husika, na ikiwezekana ya zamani, si orodha za mitandaoni zinazosema neno fulani ni la "Kibantu" bila kuitaja lugha. Kwa mizizi ya Kibantu kwa jumla ipo hifadhidata ya Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji, inayoonyesha mizizi iliyoundwa upya na wanaisimu pamoja na maeneo yake. Hapo utaona kwa nini "ngombe" ya Palenque haiwezi peke yake kuthibitisha lugha ya chanzo: mzizi huo umeenea katika sehemu kubwa ya eneo la Kibantu, na ni historia ya watu wa Palenque, pamoja na maneno mengine yenye sura ya Kikongo, yanayoamua.

Maana ilinganishwe kwa uangalifu kama sauti. "Quitanda" ya Brazili ni kibanda au duka dogo la mboga na matunda. Kwa Mswahili neno hilo ni kitanda cha kulalia, na akianza na maana hiyo atahangaika bure kueleza jinsi watu walivyotoka usingizini hadi sokoni. Kimbundu kinalimaliza jambo: "kitanda" huko ni genge au soko, na wachuuzi wa kike wa Luanda na wa miji ya Brazili walijulikana kwa kazi hiyo. Mabadiliko ya maana yanakubalika, mradi uweze kuonyesha njia yake. "Nganga" katika Kikongo ni mganga, kama ilivyo kwetu; nchini Kuba jina limehamia kwenye chombo cha ibada ambacho mganga hukitunza na kukitumia. Njia hiyo ni fupi na inaeleweka.

Jiulize pia kwa nini neno hili lilibaki. Ureno ilikuwa na neno lake la kitinda mimba, "benjamim", na bado hutumika huko. Brazili iliacha hilo ikashika la Kimbundu. Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba watoto wa nyumba za mabwana walilelewa mikononi mwa wanawake wa Kiafrika, na maneno ya ulezi na ya jikoni yakaingia kwa mlango huo hata kwa familia za Kizungu. Maelezo ya aina hii, yenye watu na mahali ndani yake, huimarisha asili unayoipendekeza.

Sarufi

Maneno hukopwa kwa urahisi. Viwakilishi na viambishi ni nadra, kwa hiyo vinapopatikana vina uzito mkubwa. "Unu" ya Jamaika, yenye maana ya ninyi, inalingana kwa umbo na kwa maana na "unu" ya Kiigbo, na ndugu zake wapo Barbados na katika Kigullah. Palenque inatoa mfano ambao mtoto wa shule wa Tanzania au Kenya anaweza kuueleza mwenyewe: wingi huundwa kwa kutanguliza "ma", kwa hiyo watoto ni "ma moná", nasi tunaijua "ma-" hiyo kutoka matunda na macho. Tofauti ni kwamba ngeli zimeanguka zote, na "ma" imebaki ikitumika kwa kila nomino, hata zile za Kihispania, kwa mfano "ma kasa" kwa nyumba nyingi.

Mahali penye mtego mkubwa ni miundo ya sentensi. Mjamaika husema "mi nuo se" akimaanisha "najua kwamba", na wataalamu wengi wameihusisha "se" hiyo na "sɛ" ya Kitwi, mojawapo ya lahaja za Kiakan, inayofanya kazi ile ile. Lakini Kiingereza kina "say", yaani kusema, na kitenzi cha kusema hugeuka kuwa kiunganishi katika lugha nyingi duniani zisizohusiana. Kiswahili chenyewe kilifanya hivyo: "kwamba" yetu imetokana na kitenzi cha kale "kuamba", yaani kusema. Kwa hiyo ufanano wa muundo pekee hautoshi. Katika hali kama hii jibu la haki ni kwamba vyanzo viwili vilikutana na kusaidiana: wasemaji wa Kiakan walisikia katika neno la Kiingereza sauti na kazi waliyoizoea kwao, wakalishika kwa nguvu zaidi. Usilazimishe chanzo kimoja pale ambapo viwili vinatosheleza vizuri zaidi.

Majina, nyimbo na kusonya

Mtu ambaye kazi yake inafaa kusomwa na kila anayeingia katika utafiti huu ni Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1890. Aliposikia Kigullah kutoka kwa wanafunzi wake wa South Carolina mwaka 1929, alitambua kwamba hakisikiki kama Kiingereza kilichoharibika. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 alibeba mashine nzito ya kurekodi visiwani, kisha akaenda London kujifunza lugha za Afrika ya Magharibi, na miaka ya 1940 na 1941 alirekodi Bahia. Kitabu chake kuhusu urithi wa Kiafrika katika Kigullah kilitoka mwaka 1949 kikiwa na maelfu ya maneno, mengi yakiwa majina ya watu. Waliomtangulia hawakuyaona majina hayo kwa sababu waliuliza maswali ya sebuleni: mtu wa kisiwani alikuwa na jina la Kiingereza la shuleni na kanisani, na jina jingine la nyumbani ambalo mgeni hakuambiwa. Turner alikaa nao, akaheshimu wazee, akaambiwa.

Miongoni mwa rekodi zake ulikuwemo wimbo wa Amelia Dawley wa Harris Neck, Georgia, ambao mwimbaji aliurithi kwa mama yake bila kujua maana ya maneno. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyasikia na kuyatambua kuwa ni Kimende. Mwaka 1990 watafiti Joseph Opala na Cynthia Schmidt pamoja na mwanaisimu Tazieff Koroma walipeleka rekodi hiyo vijijini Sierra Leone, na huko Senehun Ngola wakampata Bendu Jabati, aliyeujua wimbo huo kutoka kwa bibi yake kama wimbo wa mazishi. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, alisafiri hadi kijijini humo. Sijui ushahidi mwingine wa lugha unaonigusa kama huu, na uimara wake umetokana na hatua zile zile: rekodi, mtu wa lugha husika, na safari ya kurudi kuthibitisha. Baadhi ya asili ambazo Turner aliyapa majina zimepingwa baadaye, kwa kuwa jina fupi linaweza kufanana na maneno ya lugha nyingi za Kiafrika kwa wakati mmoja. Nayo ni tahadhari ya kubaki nayo ukiwa unafanya kazi na majina.

Usisahau yasiyoandikwa. John Rickford na Angela Rickford walichapisha mwaka 1976 utafiti juu ya ishara mbili za Karibi, kumkata mtu jicho na kufyonza meno kwa dharau, wakionyesha kwamba Waafrika, Wakaribi na Wamarekani Weusi walizitambua kuliko Wamarekani Weupe. Ishara ya pili haihitaji maelezo kwa Mswahili, ni kusonya. Sauti yake hufanywa kwa ulimi na meno, hewa ikivutwa ndani, na urefu wa msonyo hupima ukubwa wa dharau, Kingston kama Mombasa. Ukitafiti ishara, mwombe mtu azifanye mbele yako na uandike nani anaruhusiwa kumfanyia nani, maana adabu inayoizunguka ishara ni sehemu ya urithi kama ishara yenyewe.

Mahali Kiswahili kilipofika

Ukitaka kweli kufuata lugha za mwambao wetu, geukia Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kwa ajili ya visiwa ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Wasidi wa Gujarat, India, ambao ni wazao wa Waafrika, huiita ngoma yao ya ibada "goma". Kusini mwa Somalia, kando ya mto Juba, wazao wa Wazigua waliofikishwa huko katika karne ya 19 waliendelea kuzungumza Kizigula, na baadhi yao walipelekwa Marekani kama wakimbizi katika miaka ya 2000. Mzigua wa Handeni anaweza leo kulinganisha maneno nao moja kwa moja kwa simu, jambo ambalo Turner asingeweza hata kuliota.

Maneno ya Kiswahili yanayosikika kwa Wamarekani Weusi, kama "umoja", "ujamaa" na "kujichagulia", yana historia nyingine. Yaliingia kwa hiari, hasa kupitia sikukuu ya Kwanzaa iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, wakati ambapo vijana Weusi walitafuta lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja. Yana heshima yake kamili, ila katika daftari lako yaandikwe chini ya mwaka wake, yasichanganywe na yaliyokuja kwa meli.

Kuandika matokeo

Kila neno lipewe ukurasa wake: umbo linavyotamkwa, mahali na jamii, maandishi ya kwanza unayoyajua na mwaka wake, asili ya Ulaya uliyoichunguza na kwa nini umeiacha, lugha ya Kiafrika unayoipendekeza pamoja na umbo na maana yake huko, na ushahidi wa meli au wa maandishi. Mwishoni weka daraja la uhakika kwa neno moja: "hakika", "yaelekea" au "yamkini". Kwa kipimo hicho "caçula" ni hakika, "se" ya Jamaika ni yaelekea, na mengi yanayosambazwa kwenye simu zetu hayafiki hata yamkini.

Kabla ya kuchapisha chochote, mpelekee msemaji wa lugha ya ng'ambo na msemaji wa lugha ya Afrika, kila mmoja kwa wakati wake, na usimwambie yeyote kati yao jibu unalolitarajia. Kwa maneno ya ibada, kama yale ya Palo Monte, omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa acha ukurasa huo wazi.